Kwao Mama, Ng'ambo ya Wami

Mimi na mama yangu tuna ugomvi mmoja tu, nao ni wa kaburi lake. Yu hai, alhamdulillahi, anakula, anacheka, anasengenya majirani kama kawaida. Lakini tangu macho yaanze kumfifia aliingiwa na mawazo ya kuzikwa, na mama yangu akishatia jambo kichwani hata umwitie shehe halitoki. Yeye alitaka azikwe kwao, kijiji kimoja ng'ambo ya mto Wami, ambacho siku hizi kimezungukwa na Hifadhi ya Saadani pande zote isipokuwa upande wa bahari. Mimi nilitaka azikwe Kisutu, alipolala baba. Kisutu natoka nyumbani kwangu Mchafukoge nafika kwa miguu, jasho halijanitoka.

"Nani atakuja kukusomea dua huko porini?" nilimuuliza siku moja. "Ngedere?"

"Ngedere wa kwetu wana adabu kuliko watu wa Kariakoo," akanijibu, na akaendelea kuchagua mchele wake.

Mimi mdomo ninao, nakiri. Nauza madera Kariakoo, na huwezi kuuza madera Kariakoo ukiwa na mdomo wa baridi. Kutwa nzima unavutana na wateja, na wapagazi wanaokupitishia marobota utosini, na jirani anayetoa mabango yake mpaka mbele ya duka lako. Nikifika Magomeni jioni kumwona mama, mdomo unakuwa bado umechemka. Nilimwambia maneno mengi kuhusu hilo kaburi. Kwamba kaburi la mbali ni kaburi la yatima. Kwamba mimi nimezaliwa peke yangu, sina kaka wala dada wa kupokezana naye zamu. Kwamba kila Ijumaa nikifunga duka kwa ajili ya sala napita Kisutu, nasimama karibu na ukuta, namsomea baba Fatiha, namweleza biashara ilivyokwenda. Sasa yeye nitamweleza saa ngapi, mpaka nifunge safari ya kutwa?

Sikumwambia lililo la kweli zaidi, kwamba namwogopea umbali. Nilitaka awe karibu, basi. Nikiwaza siku ambayo nitatoka dukani na mama hayupo Magomeni, hayupo Kisutu, hayupo popote ninapoweza kwenda na kurudi kabla ya magharibi, nilikuwa nasahau hata chenji ya mteja.

Halafu ghafla mama akasema anataka kwenda kuangalia wanyama.

"Wanyama gani?" nikauliza. Huyu ni mtu ambaye paka akikatiza ukumbini anamtupia kandambili.

"Wa Saadani. Wazungu wanatoka huko kwao kuja kuwaona, mimi niliyezaliwa nao nisiwaone?"

Nikajua hapo hapo. Kwenye kliniki ya macho walishatuambia kwamba ile presha ya macho ikishakula haitapiki. Dawa ni za kulinda kilichobaki. Na kilichobaki kilikuwa kidogo: mama alikuwa anaona kama mtu anayechungulia kwenye tundu la ufunguo. Ukikaa mbele yake sawasawa anakuona, ukisogea kidogo umepotea. Alitaka kunionyesha mahali pake yeye mwenyewe, kwa macho yake, kabla tundu halijazibwa. Wanyama walikuwa kisingizio, na mimi nikakikubali kisingizio kwa sababu nilikuwa na hesabu yangu. Nilijua akienda akaona pori lilivyo mbali, na vumbi lilivyo, mwenyewe atasema heri Kisutu.

Nikasema nitakodi gari la watalii, lenye dereva anayejua njia. Alinitazama kwa lile tundu lake kwa muda mrefu.

"Nikodi mtu anionyeshe kwetu?"

Basi tukaenda wenyewe, na kigari changu cha chini ambacho kila mtu mtaani alisema kitaishia mtaroni. Ulikuwa wakati wa kiangazi, njia kavu, nikasema liwalo na liwe. Nilimpitia Magomeni alfajiri. Alikuwa ameshakaa barazani, buibui limepigwa pasi, mkoba mapajani, na juu ya mkoba ameshika kopo la maziwa lenye mche wa mrehani. Ndani ya mkoba mlikuwa na chupa ya marashi. Sikuuliza. Kwetu mrehani hupandwa kichwani mwa kaburi, na marashi hunyunyizwa. Nilimfunga mkanda, akalalamika kwamba unamkaba, tukaondoka.

Njia ya Bagamoyo tuliipita tukibishana na simu. Nilikuwa nimeweka ramani inayosema, na kila yule dada wa kwenye simu akisema kata kulia mama alikuwa anamjibu. "Anajuaje huyu? Amezaliwa wapi?" Baada ya Bagamoyo lami ikatuacha. Mama akafungua kioo, vumbi likaingia, nikamwambia afunge, akakataa. Alitoa pua nje. Nilikasirika kwa sababu ya viti vyangu, lakini nilipomwangalia usoni nikamwachia kioo wazi. Sikuwahi kumwona akitabasamu bila kuwapo mtu wa kutabasamiwa.

Langoni tulipokewa na askari wa hifadhi, mtu wa makamo, mpole, aliyetukagulia malipo niliyofanya kwa simu na kunisomea masharti: mwendo wa taratibu, hakuna kushuka garini isipokuwa panaporuhusiwa, hakuna kulisha nyani. Mama akainama upande wangu amsikie vizuri.

"Baba, kwenu wapi?"

"Tabora, mama. Mnyamwezi."

"Ah! Kumbe mtani wangu. Mimi Mzigua wa hapa hapa."

Uso wa yule bwana ukabadilika, ule upole wa kiserikali ukamtoka. Akaegemea dirisha langu kama vile mimi sipo.

"Kumbe ni nyinyi! Mmerudi kufanya nini huku? Kwenu siku hizi hata maiti hawakai. Mama zenu wote wamehamia baharini, wanavua kamba. Na wewe bibi ukifa huku utazikwa na papa."

Nilishafungua mdomo nimwambie huyo bwana ashike adabu yake, lakini mama alikuwa anacheka. Alicheka mpaka akajifuta macho kwa ncha ya ushungi.

"Heri papa," akasema. "Nyinyi wapagazi mnazikwa na mizigo kichwani, mpaka leo hamjatua."

"Nitakuja kula ubwabwa wa matanga yako."

"Utakula, lakini kwanza utachimba."

Wakacheka wote wawili, akatufungulia, na akampa mama mkono kwa heshima, mikono miwili. Tulipoondoka nilikuwa nimevimba. Nikamwambia mama kwamba yule mtu hana haya, amtanie mtu mzima kwa kifo chake mwenyewe.

"Tulia wewe," akasema. "Huyo ana haki yake. Msiba wangu mtani ndiye wa kuuchezea, si mwingine. Wewe umekulia mjini, utani unaoujua ni wa mpira tu."

Na ilikuwa kweli. Kwa hiyo maneno ya yule askari tukayachukulia kama yanavyochukuliwa maneno ya watani wote: mtu hayashiki, yanapita na kicheko.

Ndani ya hifadhi dada wa kwenye simu alitafuta mtandao, akaukosa, akanyamaza. Mama akafurahi. Kuanzia hapo kiongozi akawa yeye, mtu asiyeona, na dereva nikawa mimi, nisiyejua. Alikuwa ananiambia, "Ukikuta njia panda yenye mchanga mweupe, shika ya kushoto," na mimi nakuta njia panda tatu, zote zina mchanga mweupe. Nilimwambia. Akasema basi nichague yenye harufu ya chumvi. Nikamuuliza mimi ni mbwa?

Wanyama tuliwaona, na mimi ndiye niliyekuwa macho. Nikiona ngiri namwambia: ngiri, na mkia juu kama antena. Nikiona kongoni namwambia. Swala walikuwa wengi, nikachoka kuwataja, akanigombeza. "Taja. Wewe taja tu." Basi nikataja. Nilianza kwa kuboreka na baada ya muda nikajikuta nafurahi, natafuta maneno ya kumweleza rangi ya mgongo, namna masikio yanavyokwenda. Tulipofika kwenye uwanda mpana, twiga alikuwa amesimama pembeni kabisa mwa njia, hana habari na sisi. Nikazima gari. Nikamshika mama kidevu, taratibu, nikamwelekeza uso mpaka lile tundu lake likamkuta yule mnyama pale kichwa chake kilipokuwa peke yake na mbingu.

"Namwona," akasema, pole pole. "Anatafuna."

Tulikaa hapo mpaka twiga mwenyewe akatuchoka. Nilikuwa bado nimemshika kidevu. Ngozi yake imekuwa laini sana siku hizi, na nilitamani siku isimame hapo hapo, tusifike kijijini, tusigombane tena, tubaki garini na joto letu.

Tulipoondoka ndipo alipoanza kusema habari za mama yake. Bibi huyo mimi sikumjua. Alikufa wakati mama ameolewa karibuni Magomeni, ana mimba yangu. Enzi hizo habari zilikuwa zinakuja kwa miguu ya watu. Zilipomfikia, bibi alikuwa ameshazikwa. Mama alikuta kaburi bichi, pembeni limezungushiwa makombe ya baharini, akakaa matanga, akarudi kwa mumewe. Baadaye alikuja mara chache. Halafu nikaanza shule, halafu baba akaanza kuumwa, halafu kila mwaka ukawa mwaka kesho.

"Alikuwa ananisuka pale kizingitini," akasema. "Mimi nimekaa chini, kichwa changu katikati ya magoti yake. Nikitikisika ananipiga kwa kitana. Alikuwa ananuka moshi na tui la nazi. Mpaka leo mtu akikuna nazi jirani huwa naacha ninachokifanya."

Ndiyo maana, nikawaza. Miaka yote hiyo nazi nyumbani kwetu ilikuwa lazima aikune yeye, hata nikimnunulia ya pakti alikuwa haitumii.

Kwa harufu zake hizo tukapotea. Ile njia ya chumvi ilituleta kwenye mashamba ya chumvi kweli, mabwawa meupe yanayoumiza macho, na kwenye maji yake wale ndege heroe wamesimama mguu mmoja mmoja, wengi, wa rangi ya waridi. Nikamweleza. Nikamuuliza kama enzi zake walikuwepo.

"Walikuwepo. Ila sikujua kwamba ni wa kuangaliwa. Sisi tulikuwa tunapita na vikapu vyetu."

Nikageuza gari kwa tabu, chini kukakwaruza, mama akasema, "Pole, gari," na baada ya kuuliza kwa mwenye pikipiki mmoja aliyebeba magunia tukafika kijijini kwao adhuhuri ikiwa imeshaingia.

Kijiji kilikuwa kimetulia kwa jua. Mama alinyooka kwenye kiti. Alikuwa anasema haraka haraka sasa, kama mtoto anayeogopa kukatizwa. "Tafuta msikiti. Msikiti ukiuona, uache mkono wa kulia, nenda mpaka nyumba ziishe. Kuna minazi mingi. Makaburi yako nyuma ya minazi. Hayako karibu na maji. Maji unayasikia tu, kwa mbali." Msikiti niliuona, nikauacha mkono wa kulia, nikaenda mpaka nyumba zikaisha. Palipoishia nyumba palikuwa na ufukwe.

Nikasimamisha gari chini ya mti wa mvinje na kumwambia mama angoje, nitazame njia kwanza. Akakubali. Nikatembea. Hapakuwa na minazi. Palikuwa na visiki vya minazi, vimeinama kuelekea baharini, mizizi nje, na maji yanaingia na kutoka katikati yake. Mwanamke mmoja mtu mzima alikuwa anaanika uduvi kwenye turubali.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

Nikamwuliza makaburi ya zamani yako wapi, yale ya nyuma ya minazi. Aliniangalia kwanza, kupima mimi ni nani, kisha akanyoosha mkono wenye uduvi kuelekea majini.

"Pale. Pale mawimbi yanapovunjikia."

Nikadhani sijamwelewa. Akanieleza kwa utaratibu, kama mtu aliyelieleza jambo hilo mara nyingi. Bahari ilianza kuja kidogo kidogo, msimu huu hatua, msimu ule hatua. Minazi ikaanguka. Halafu ikaja mvua moja kubwa, na bahari ikaja yote. Watu waliwahi kuhamisha mifupa ya jamaa zao, wakaizika upya kule juu, nyuma ya shule.

"Wote walihamishwa?"

"Waliokuwa na watu," akasema.

Nilisimama pale na jua utosini, na maneno ya yule mtani yakanirudia moja moja. Kwenu hata maiti hawakai. Mama zenu wamehamia baharini. Alikuwa anatuambia. Yeye alijua, na akadhani na sisi tunajua, kwamba tumekuja kwa sababu ya msiba huo huo, na akafanya kazi ya mtani, ambayo ni kuucheka msiba mpaka upungue uzito. Na sisi tukacheka. Mama yangu alicheka mpaka akajifuta machozi.

Nikamweleza yule mwanamke habari yangu kwa ufupi: mama yuko garini, haoni vizuri, amekuja kumwona mama yake. Akaacha uduvi. Akanisogelea, akashusha sauti.

"Kama haoni, mpeleke kule juu. Chagua kaburi mojawapo, mwambie ndilo. Nani atamwambia silo?"

Sasa hebu nieleweke. Ukweli ulikuwa upande wangu. Nikimwambia mama ukweli, ugomvi umekwisha, Kisutu imeshinda, nitampata karibu yangu kama nilivyotaka. Nikimdanganya, atarudi Magomeni na kaburi lake la kule juu kichwani, na siku yake ikifika itanibidi nimlete huku, nimwache huku, pembeni mwa marehemu wa watu wengine. Nilitakiwa kuushukuru ukweli ule. Sikuwahi kuchukia kitu kama nilivyouchukia. Nikasema moyoni, nitadanganya. Nitampeleka kule juu, nitamshikisha udongo wowote, apande mrehani wake, afurahi, na mengine tutayaona mbele. Nikarudi garini na uongo wangu mdomoni, umeiva.

Mlango wa gari ulikuwa wazi. Kiti kitupu.

Nilimwona kwa mbali kidogo, ameshika kopo lake, anatembea mchangani pole pole, mkono mmoja mbele kama anayepapasa ukuta. Alikuwa anafuata sauti ya maji. Viatu ameviacha njiani. Nilikimbia na dera langu, nikafika wakati mmoja na wimbi. Maji yakampanda mpaka kwenye vifundo vya miguu. Akasimama.

"Mbona bahari iko hapa?" akauliza.

Akageuza uso huku na huku, analitafuta kwa lile tundu lake dogo jambo ambalo hata mwenye macho mazima asingeliona. Visiki, maji, mwanga.

"Mama yuko wapi?"

Aliuliza hivyo tu. Hakusema bibi yako, hakusema marehemu. Mtu mzima wa miaka yake, na meno yake yaliyobaki, ameuliza mama yuko wapi, kwa sauti ambayo mimi nimeisikia Kariakoo, siku za sikukuu, watoto wanapopotezana na mama zao kwenye msongamano.

Uongo ulikuwa bado mdomoni. Haukutoka.

"Bahari imefika, mama."

"Mpaka wapi?"

"Imepita."

Nilimshika mkono, nikadhani ataanguka. Hakuanguka. Alisimama akasoma aliyoyasoma, midomo ikienda bila sauti, na mawimbi yakawa yanakuja na kutuchimbia mchanga chini ya nyayo, mpaka tukawa tumezama kidogo wote wawili. Mimi nililia. Nililia kwa sauti, bila aibu, yule mwanamke wa uduvi akatupa kisogo kutustahi. Nilimlilia bibi nisiyemjua, ambaye hakuwa na mtu wa kumhamisha kwa sababu mtu wake alikuwa Magomeni ananilea mimi.

Mama alipomaliza alisema twende. Kopo la mrehani alimpa yule mwanamke. "Panda mlangoni kwako," akamwambia. "Unafukuza mbu." Yule mwanamke alilipokea kwa mikono miwili. Chupa ya marashi ilirudi nasi ndani ya mkoba, haikufunguliwa.

Kurudi hakutaja wanyama wala hakunitaka nitaje. Nyati walikatiza mbele yetu, kundi zima, nikasimama wapite, na sikusema kitu. Langoni alikuwa zamu askari mwingine, kijana, akatutakia safari njema. Nilipofika kwenye lami simu ikapata mtandao, yule dada akaanza kusema, nikamzima. Tulikuwa tumekwama kwenye foleni ya kuingia mjini mama alipofungua mdomo.

"Nizike Kisutu," akasema. "Au popote. Popote pale sawa."

Hilo ndilo neno nililokuwa nalitafuta siku zote, nimeligombania kwa kila hoja niliyokuwa nayo. Nililipata bila jasho, kwenye foleni, na lilikuwa halina ladha yoyote. Ile popote ilinichoma. Mama yangu hajawahi kuwa mtu wa popote. Hata kwenye daladala ana upande wake wa kukaa.

"Usiseme hivyo," nikamwambia.

Baada ya hapo alibadilika. Hakuwa mgonjwa, alikula, aliswali, dawa za macho alitia. Lakini aliacha kunibishia. Nikimwambia mchicha huu umechoka anasema haya. Nikimchokoza habari za ngedere ananiitikia kwa kichwa. Nazi siku moja nikakuta imenunuliwa ya pakti. Nilikaa jikoni pale Magomeni nikiishika ile pakti, nikatamani ugomvi wetu urudi, hata kama nitashindwa mimi. Nikagundua kwamba mama aliishi miaka yote Dar es Salaam akiwa na mahali pa kurudi, hata kama harudi, na mahali hapo pameondoka.

Kwa hiyo nikahamia upande wake. Mimi ni mfanyabiashara, nikishawishika najua kushawishi. Ijumaa moja nilifunga duka kwa ajili ya sala na sikulifungua tena siku hiyo, nikapita Kisutu, nikamwomba radhi baba, nikaenda Magomeni na maneno yangu nimeyapanga. Nilimkuta amejilaza chumbani, dirisha wazi, kanga kifuani. Nikakaa kwenye kigoda.

"Mama, nimefikiri. Kule juu, nyuma ya shule, nafasi ipo. Ni kwenu vile vile, udongo ni ule ule. Nitakupeleka mimi mwenyewe, nitakuja kila nitakapoweza. Kisutu sitaki tena."

Akageuka upande, akanitafuta kwa jicho lake mpaka akanipata.

"Mwanangu, mimi sikutaka udongo," akasema. "Mimi nilitaka kulala karibu na mama yangu. Basi." Akanipapasa goti. "Sasa wa kwangu hakuna tena pa kumfuata. Wewe wa kwako bado yupo. Nizike pale ambapo na wewe utapata nafasi ya kulala."

Nilikuwa na hoja nyingine nyingi nimezibeba kutoka Kariakoo. Sikuitoa hata moja. Nilivua viatu, nikavuta kanga, nikapanda kitandani nikajilaza ubavuni mwake, mchana kweupe, duka limefungwa, na mama akasogea ukutani kunipisha.